Maji ya Moto ya Kuoshea Farasi

Asubuhi ya kupura ngano Bi Orfelina Nahuelquín alikuwa na miganda yote uwanjani, chicha, pombe ya tofaa, kwenye mtungi, mikate ya viazi jikoni, na farasi mmoja tu. Farasi mmoja hapuri ngano kwa kuikanyaga. Anazunguka, anachoka, anasimama kukutazama. Na mvua za kisiwa cha Chiloé hazina subira. Ngano ikilowa pale, mwaka mzima hana unga.

Jike lake, Pankora, alikuwa wa mbegu ya kisiwani: mfupi, kifua kipana, manyoya ya shingo kama fagio, kwato za kushukia kilima ambacho trekta halithubutu kukishuka. Zamani kila nyumba ilikuwa na wawili watatu. Waliondoka mmoja mmoja kwa lori la mnunuzi wa nyama, wamepigwa namba ya rangi ya buluu pajani.

Alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba kuomba msaada, kwa desturi: unaketi, unamimina chicha, unataja kazi, na mwenye nyumba hakatai, maana siku yake utamrudishia. Jirani yake Eleuterio alikunywa kwanza.

"Dada Orfe, Kanela wangu ameshaliwa na watu wa mjini. Nikuazime nini, mkia?"

"Njoo na uma wa nyasi basi, upepete. Mdomo huo uache nyumbani."

Nyumba za walio hai zilipokwisha, alishuka gatini, mahali lori linapopandia kivuko. Akaketi juu ya jiwe, akamimina chicha chini, akataja kazi na siku.

Asubuhi hiyo wakaja. Walipanda barabara ileile waliyoshukia, katikati ya ukungu, namba zao mapajani. Pankora alilia mara moja akashika mbele. Walizunguka uwanjani mpaka miganda ikawa makapi, ardhi ikitetema, watu wakiwahimiza kwa vifijo kama miaka yote. Eleuterio aliegemea uma wake.

"Kanela amenenepa."

"Huko hawamfanyishi kazi," alisema Bi Orfelina. "Pepeta, upepo unapita."

Magunia yakajaa. Aliwamiminia shayiri, hawakula, waliipumulia tu, ikabaki vuguvugu. Akamshukuru kila mmoja kwa jina lake, na aliowasahau majina aliwatambua kwa alama za masikio. Kisha akauliza siku yao ailipe vipi. Kanela akamgeuzia paja lenye rangi.

Jumatatu alishuka gatini na ndoo ya maji ya moto, sabuni na brashi, akawakuta wanamngoja. Akawasugua kutwa nzima. Rangi ya yule mnunuzi ni ngumu, lakini ilitoka. Walisimama wametulia, mguu mmoja wameulegeza, macho wameyafumba nusu.

"Asanteni, mama zangu," aliwaambia. "Mmenilisha."

Wakaondoka weusi, wekundu, wa kijivu, kama walivyozaliwa.

Alhamisi lori likaja. Eleuterio alimleta mtoto wa Kanela, ambaye hata tandiko hajalijua.

"Huyo ni wa kazi, Eleuterio."

"Na kazi atafanya, dada. Si umewaona? Wanapura vilevile, na nyasi hawali." Akacheka, wala si kwa ubaya.

Mnunuzi akachovya brashi kwenye kopo la buluu.

Bi Orfelina alimpa Eleuterio mkate wa unga mpya, kwa kuwa alipepeta vizuri. Kisha akarudi jikoni, akabandika maji mengine.