Vumbi la Kibete cha Kahawia

Mvua za El Nino zilipoikata barabara ya Nairobi, mwishoni mwa mwaka 1997, Daktari Abdilatif alikwama Garissa, mji aliozaliwa na ambao kwa miaka kumi na tano alikuwa ameupa kisogo. Alikuja kumzika shangazi yake, akajikuta amekaa wiki tatu. Walimu wakamwomba awape mhadhara wa elimu ya nyota. Akakubali kwa uso wa mtu anayewatupia kuku mtama.

Shurie, mwalimu wa fizikia, alikaa safu ya pili. Alimjua Abdilatif tangu walipochunga mbuzi pamoja. Alipomwona akipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia, alibetua midomo. Si huyuhuyu aliyekimbizwa na beberu hadi akajikojolea?

Daktari alieleza juu ya vibete vya kahawia: madonge ya gesi yaliyojikusanya kama nyota, ila yakakosa uzito wa kuwasha moto wa kudumu. "Ni nyota zilizofeli," alisema. "Hazina sayari, na haziwezi kuwa nazo."

Shurie akasimama. "Walaal, ndugu yangu—"

"Niite Daktari."

"Haya, Daktari. Umesema kibete hutokana na wingu linalojikunja. Wingu likijikunja huzunguka, likaacha sahani ya vumbi kiunoni. Sayari zetu zilitokea humo. Je, kibete kimenyimwa vumbi na nani?"

"Ni kidogo mno."

"Hata sayari ya Mshtarii ni ndogo zaidi, na ina miezi inayoizunguka."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. "Nani amewahi kuiona sayari ya namna hiyo?"

"Hakuna. Hata kibete chenyewe kimethibitishwa juzi tu."

"Mama, rudi kwa mbuzi wako," alisema Daktari. "Haya si maswali ya Garissa."

Shurie aliketi. Hakuona haya hata chembe. Alimwonea kinyaa, kama mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi. Kumbe elimu yote ile ilikuwa ya kuwafungia wengine mlango!

Wiki hiyo aliliandika swali lake kwa Kiingereza, akalituma kwenye kituo kimoja cha nyota ng'ambo. Jibu lilifika Aprili, ukurasa mmoja tu. Hatujui, waliandika. Lakini punje za vumbi hushikamana zikawa kokoto, kokoto zikawa miamba, miamba ikagongana na kukua. Kama sahani ipo, hatuoni cha kuzuia sayari zisitokee. Wapo wanaojiandaa kuitafuta sahani hiyo kwa darubini zinazohisi joto. Shurie aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama posta, kisha akawasomea wasichana wa kidato cha tatu.

Mwezi Julai mumewe, Guleid, aliingia jikoni na gazeti, anatweta kwa hasira. Abdilatif alikuwa ameandika makala juu ya "swali lililonijia nyikani". Maneno yalikuwa ya Shurie, hata lile la kiunoni.

"Mwandikie mhariri! Huyu ni mwizi!"

Shurie alisoma hadi mwisho, akacheka kwa dharau. "Ameiba swali, jibu hana. Kichwa chote kile, na hakujua hata kuuliza."

Akauchana ukurasa, akautandaza kwenye sinia, akaanza kuopoa sambusa kutoka kwenye karai na kuzipanga juu yake. Picha ya Daktari ililowa mafuta kuanzia kwenye tai.

"Kula, zisipoe," alimwambia Guleid.