Joakim Ndani ya Diski

Alhamisi ile Joakim alifunga chumba chake cha gemu karibu na stendi ya Mbinga saa nne asubuhi, akateremka Mbamba Bay kununua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Alitaka bei nzuri, akapanda mtumbwi kuwafuata wavuvi majini. Jumamosi ziwa lilirudisha mtumbwi na gunia la usipa. Yeye halikumrudisha. Ukoo ulisubiri wiki mbili, kisha ukazika viatu vyake kijijini Mkumbi, kwa misa.

Siku ya kumaliza matanga mali ziligawanywa. Katika ukoo wao chombo cha kazi cha marehemu huenda kwa mdogo wake pamoja na vilivyomo. Babu yao alirithi mzinga na nyuki wake. Kompyuta ya gemu ikahesabiwa chombo cha kazi, ikaenda kwa mdogo wake, Raimundi. Vitalia, mjane, akapewa sufuria, vitanda na redio.

Raimundi alifungua chumba Jumatatu. Vijana walikuwa wanadai gemu mpya ya mpira, na gemu hiyo ilitaka GB mia moja na kumi. Diski ya SSD ilikuwa imebakiwa na kumi na nne. Akatafuta kinachokula nafasi, akakuta folda yenye jina la kaka yake, GB tisini na mbili. Akaifungua. Joakim alikuwa ameketi humo kwenye kochi la nyumbani, pekupeku, suruali imelowa mpaka magotini. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mibuni.

"Viatu vyangu viko wapi?" aliuliza Joakim.

"Tumevizika, kaka."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

Raimundi akamweleza habari ya nafasi. Joakim alikuwa anaijua diski ile kuliko mtu yeyote.

"Futa sauti za lugha nyingine," alisema. "Hapa stendi nani anasikiliza mpira kwa Kirusi? Futa na ile ya magari, hawaichezi. Na usiijaze mpaka juu. Diski ikikosa pa kupumulia inakuwa nzito."

Walifuta mpaka jioni, na bado nafasi haikutosha. Raimundi akajaribu kumhamishia kwenye diski ya zamani, ile inayozunguka. Baada ya saa moja Joakim alirudishwa akiwa ametapika usipa.

Kesho yake aliitwa Vitalia. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo.

"Mama Edina," alisema Joakim, "kahawa mmemaliza kuchuma?"

"Bado upande wa mtoni. Umekonda, Baba Edina."

"Wamenifuta kidogo pembeni." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Mashine hii ni ya shemeji yako. Niliinunua kwa kahawa ya shamba alilopewa na baba yake. Mpe aende nayo."

Raimundi alisema jambo hilo ni la wakubwa. Akaja baba yao mkubwa, Mzee Ignatio, na daftari la ukoo.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema Joakim.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Pafinyu tu."

Joakim akarudia maneno yake polepole, na Mzee Ignatio akayaandika yote. Akaweka kalamu.

"Sasa wewe uko wapi hasa?"

"Kwenye diski."

"Na diski?"

"Ndani ya kompyuta."

"Basi na wewe umerithiwa, mwanangu. Mrithiwa hana sauti kwenye urithi."

"Shamba lilikuwa langu, baba," alisema Vitalia.

"Nimeandika hivyo," alisema Mzee Ignatio, akamwonyesha mstari. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Akafunga daftari.

Jioni ile Raimundi alifuta kochi, halafu dirisha, halafu mibuni. Joakim alisogea kila alipoambiwa asogee. Gemu ikaingia, na vijana wakasema inakimbia vizuri.

Kila mwezi gemu hudai apdeti. Sasa Joakim amebakiwa na GB tisa, naye anakaa kwa kusimama. Vitalia huja saa sita mchana, wanafunzi wakiwa bado madarasani, huandikwa kwenye foleni, na zamu yake ikifika hupewa nusu saa, kama mteja mwingine.