Msamaha wa Mkono Ulioungua

Mratibu alipoliona kovu la moto mkononi mwa Mama Pacha, macho yalimtoka kama mtu aliyeokota pochi. Hapo ndipo fundi cherehani alipopaswa kumfukuza mratibu. Badala yake alimvutia kiti.

Chumba chao cha kazi ni kimoja. Fundi anashona dirishani, Mama Pacha anapiga pasi mlangoni, na dini zao ni mbili. Mmoja akienda kusali, mwenzake anabaki na wateja, basi, yameisha. Hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa hilo ni jambo la kupandishia watu ndege.

Binti wa fundi ndiye aliyemleta mratibu. Ulikuwepo mpango wa kukutanisha watu wa dini mbalimbali, wa hapa na wa ng'ambo, na binti alikuwa amepita mchujo mpaka hatua ya mwisho. Wageni wakiridhika naye mkutanoni, angeondoka nao kwenda ng'ambo kwa mwaka mzima. Kwa msichana aliyemaliza shule na kushinda kitandani akitazama dari, ule ulikuwa mlango wa pekee.

"Kovu hilo mama, ulilipata wapi?" mratibu aliuliza.

"Muulize huyo," Mama Pacha alicheka, akamwonyesha binti kwa kidevu. "Alipindua jiko la mafuta akiwa mdogo, nyumba ikashika moto. Mama yake kaenda kupeleka nguo. Nikaingia kumtoa. Mpaka leo hajaninunulia hata soda!"

"Mamdogo nawe! Ngoja niende, nitakuletea kreti."

Wakacheka wote. Mratibu akamwalika Mama Pacha akae kiti cha mbele.

Siku ya mkutano binti alishika kipaza sauti kama aliyezaliwa nacho. Akasimulia moto. Akasema watu wa dini ile nyingine walikuja kuwachomea nyumba. Fundi alidhani mwanawe anasimulia ya wengine, mpaka aliposikia vikitajwa jiko lao na mlango wao wa bluu.

"Mmoja wao yupo hapa," binti alisema. "Moto alioutia ulimrudia mwenyewe. Leo namsamehe."

Akashuka jukwaani, akaukamata mkono wa Mama Pacha, akaupandisha juu kama nyama buchani. Kamera zikalia. Wageni wakapangusa machozi. Viongozi wa dini zote mbili walikuwa pale mezani, na wote wawili walilijua kovu lile lilikotoka. Waliitikia kwa vichwa, kwa upole, wakaendelea kunywa maji ya chupa.

Mama Pacha aliuchomoa mkono, akatoka ukumbini.

"Toba imemwingia," kiongozi wa dini yake mwenyewe alisema. Ukumbi ukapiga makofi.

Fundi aliinuka kitini. Akamvuta binti nyuma ya mapazia.

"Mama, usianze. Kila anayepanda jukwaani lazima awe na mtu wa kumsamehe. Majirani wanaopatana, mratibu anasema hawana cha kusimulia."

"Ukamtoa kafara mama yako mdogo?"

"Ni maneno tu! Nitamweleza. Atanielewa, si ananipenda?"

"Ndiyo maana ukamchagua."

Fundi akapanda jukwaani mwenyewe, akasema yote: jiko, mafuta, nani aliingia motoni na nani hakuwepo. Mratibu alisimama kando yake akiwatafsiria wageni. Fundi alisema mengi, mratibu akatafsiri machache. Alipomaliza, mgeni mmoja alimkumbatia huku analia, akamnong'oneza kitu kwa lugha yake.

"Anasema una moyo mkubwa," mratibu alitafsiri. "Kumtetea adui yako!"

Manukato ya yule mgeni yalimkaa shingoni. Alipofika nyumbani alijisugua kwa sabuni ya kufulia.

Binti aliondoka nao. Picha ya mkono ule ilibandikwa mpaka kwenye kuta za soko, na wateja wakaanza kumtazama mpiga pasi kwa jicho la pembeni. Mteja mmoja alichukua shati lake likiwa bado na mikunjo. Mama Pacha akahamisha meza yake.

"Sina neno na wewe, shoga," alisema. "Lakini nikikaa hapa, kila anayeingia anauliza."

Binti alipopiga simu, sauti yake ilikuwa na furaha tele. Kesho angesimulia tena, mji mwingine.

"Msalimie mamdogo."

"Na kesho utamwinua nani mkono?" fundi aliuliza.

"Tunatumia picha yake, mama. Ile kubwa."

Fundi alikata simu. Ilipolia tena, aliiacha ilie, akakanyaga cherehani mpaka asiisikie.