Kisima cha Tisa

Daktari Mabrouka alikuwa amepiga simu mara kumi na moja, na mwanafunzi wake Wajdi hapokei. Alikuwa amemtuma akapime visima vya jangwani, kusini mwa mji wa Douz, kwa ramani yenye visima tisa. Cha tisa hakipo. Alikichora yeye mwenyewe, kama wachoraji ramani wanavyotega mtego, ili atakayenakili kazi yake aumbuke. Halafu akasahau kumwambia Wajdi.

"Ana maji ya siku mbili tu," alimwambia Lotfi, mwalimu mwenzake. "Akikitegemea kisima kile, mimi ndiye niliyemuua."

"Tulia, dada. Yule kijana ana akili."

Kahawa ilimpoa mkononi. Saa kumi alasiri simu ikalia, naye akapokea mara moja. Alikuwa Wajdi.

"Uko salama, mwanangu?"

"Salama kabisa, Daktari. Nimevipima vyote tisa."

"Hata cha tisa?"

"Hicho ndicho bora kuliko vyote. Kina chake mita arobaini, na maji ni matamu."

Mabrouka akakaa. Nyuma ya sauti ya Wajdi, mhudumu wa mkahawa alikuwa akiuliza nani kaagiza chai ya lozi.