Kofia Iliyokatwa Miguu

Upepo uliong'oa kofia ya bomba la moshi ulivuma siku ya Jumapili, na kufikia Jumatatu mvua ilikuwa inaingia moja kwa moja mpaka ndani ya jiko la kuni. Kofia ile ya bati ilikuwa imeliwa na kutu miaka mingi. Waliikuta kwenye ua wa jirani, haina hata umbo.

Mwenye jiko alikuwa mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vipimo, kwa sababu katika miaka thelathini ya cherehani hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo kwake kwa kuwa ilibana. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye kifua kibovu, hakuweza kupanda ngazi. Basi Mama Vipimo alipanda mwenyewe, akalizungushia bomba ule utepe wake wa kupimia viuno vya watu, akashuka na vipimo vyake kwenye karatasi.

Wakaenda dukani wote wawili. Mama Vipimo akamweleza muuzaji upana wa bomba, akasema anataka kofia yenye miguu mirefu ili moshi upite, na wavu wenye matundu makubwa. Muuzaji alimsikiliza huku akimtazama Mwalimu. Kisha akamwonyesha Mwalimu kofia inayong'aa, wavu wake mwembamba kama chujio la chai, akamhakikishia kwamba hiyo inazuia ndege, popo, hata nyuki. Mama Vipimo akasema wavu huo utaziba kwa masizi. Muuzaji akatabasamu, akamuuliza Mwalimu kama afunge mzigo. Na Mwalimu, mtu asiyependa maneno mengi dukani, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake duka likamtuma fundi bati. Alikuwa mtu wa mbio mbio. Alipoona upepo bado unasukuma matawi, alichukua mkasi wa bati akaikata kofia miguu yote minne, akabakiza urefu wa vidole viwili tu, ili isije ikang'oka tena. Mama Vipimo akiwa chini alimwambia kwamba sasa moshi hauna pa kutokea.

"Mama, moshi ni moshi," fundi akajibu bila kugeuka. "Hauhitaji mlango."

Mama Vipimo alipotaka kuendelea, Mwalimu alimgusa bega, akapaza sauti kuelekea juu ya paa. "Tusamehe, fundi. Huyu anadhani kila kitu ni gauni."

Fundi akacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo. Mama Vipimo aliingia ndani, akaketi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mara tatu na kuufumua mara tatu.

Siku ya nne asubuhi alikuwa uani akianika nguo aliposikia kikohozi ambacho hakikuwa cha kawaida. Jikoni hapakuonekana kitu. Moshi ulikuwa umejaa kuanzia darini mpaka usawa wa meza, na Mwalimu alikuwa amepiga magoti karibu na mlango akiutafuta kwa mikono. Mama Vipimo alimkamata kwapani akamburuta nje. Mke wa mwanawe, aliyekuwa akiishi nao, akaja mbio na maji. Ilimchukua Mwalimu muda mrefu kuvuta pumzi iliyokamilika, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Mama Vipimo hakutaka kuikumbuka.

Fundi alipoitwa alisimama mlangoni, akanusa, akasema kuni ni mbichi. Hakuingia. Hakushika hata kijiti kimoja. Kuni zile zilikuwa zimekauka tangu mwaka uliopita, zikigongana zinalia kama vyungu. Akasema atarudi wiki ijayo akipata nafasi, akaondoka.

"Tumsubiri tu," Mwalimu akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Msubiri wewe," Mama Vipimo akamjibu. "Mimi nilishasubiri siku nne nione kama mimi ndiye mjinga."

Alingoja jiko lipoe kabisa. Akajifunga kamba kiunoni, mkamwana akaishikilia ngazi, akapanda. Wavu ulikuwa umezibwa na masizi mazito kama ugali uliounguzwa. Akaifungua kofia, akashuka nayo, na bila kuifuta wala kujifuta akaenda nayo dukani, akaiweka juu ya kaunta mbele ya wateja wote.

Muuzaji alisema bidhaa iliyokatwa hairudishwi. Akaongeza kwamba ingekuwa vizuri aje yule mzee aliyeinunua, wazungumze kiutu uzima.

"Yule mzee amelala kwa sababu ya kofia hii," Mama Vipimo akasema. Hakupaza sauti. "Nilikutajia vipimo, ukamtazama yeye. Aliyeikata miguu umemtuma wewe. Leo utazungumza na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeingia ndani ya ule moshi."

Muuzaji alitafuta mtu wa kumtazama, akakosa. Mwishowe akasogea pembeni, na Mama Vipimo akapita nyuma ya kaunta akachagua mwenyewe. Alipima kola inayovalia kwenye bomba kwa utepe, akapima urefu wa miguu, akapitisha kidole gumba kwenye matundu ya wavu. Kofia ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe. Haikung'aa.

Alasiri ile alisugua bomba kwa gunia lililofungwa kwenye kamba, akaivisha kofia, akakaza skurubu moja baada ya nyingine huku mkamwana akimpasia kutoka kwenye ngazi. Akaitikisa kwa mikono miwili. Haikucheza. Walipowasha jiko, moshi ulipanda na kutoka pande zote nne.

Baada ya siku mbili fundi alipita, akatazama juu, akamwambia Mwalimu kwamba alijua tu kuni zikikauka mambo yatakaa sawa.

"Kofia yako ilirudi dukani," Mwalimu akasema. "Hii ameipandisha mke wangu."

Fundi alianza kucheka akingoja mwenzake ajiunge. Mwalimu hakujiunga, na fundi akaaga.

Mama Vipimo alikuwa dirishani, amesikia yote. Hayakumtosha. Alitoka akasimama mbele ya mumewe.

"Siku ile ulimwomba msamaha kwa ajili yangu. Nilikuwa nimemkosea nini?"

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ndiyo maana lile neno la gauni lilimuuma zaidi mkewe.

"Hukumkosea kitu," akasema. "Mimi ndiye niliyekukosea wewe. Nilitaka tu nisionekane nabishana na fundi."

"Ukaona bora nionekane mimi."

"Ndiyo."

Hasira ya Mama Vipimo ilikuwa bado ipo, ila sasa angalau ilikuwa na mtu wa kuipokea. Akamwambia avute kiti chake mpaka jikoni, kwani masizi yalikuwa yamebaki ukutani na alitaka yatoke kabla ya jioni. Mwalimu akainuka, akachukua kitambaa, akaanza kufuta upande wake.