Pindo la Ubavuni

"Inua mikono. Juu zaidi. Sasa hapo unaruka au unachuma mapeasi?"

Kassimu akacheka, akainua mikono mpaka vidole vikagusa mabati ya kibanda. Alikuwa pande la mtu, na ovaroli ya bluu aliyovaa ilimpwaya kuanzia kwapani hadi kiunoni. Dada yake, Mwanasha, alimzunguka akiwa na pini mdomoni. Miaka yote aliyokaa na cherehani yake pembeni mwa soko la Lushoto hakuwahi kushona kituko cha namna hii, nguo ambayo sifa yake ni kumkaa mtu vibaya.

Tangu ruksa ianze, biashara ikafunguliwa na marobota ya mitumba kumwagwa sokoni, watu walikuwa wameacha kumletea vitambaa. Walimletea makoti ya Wazungu wanene ayapunguze. Alipunguza viuno, alipunguza mikono, alipunguza mpaka akasahau nguo inaanzaje. Lakini hakukata kitambaa cha mtu hata siku moja. Alikikunja kwa ndani, akapitisha mshono, pindo likabaki limelala ubavuni. Mteja aliyekonda kipindi cha njaa atanenepa viazi vikitoka, naye atarudi kusema, "Dada, niachie kidogo."

"Nieleze tena," alisema. "Mtu mwenye akili zake anarukaje na gunia hili?"

"Mimi mzito, dada. Tukitoka kwenye ndege wote sita, hatudondoki wima kama mawe. Kabla ya kufungua miavuli tunalala kifudifudi, tunanyoosha miili, tunateleza upande mmoja wa anga tukimfuata Mwalimu Abrahamu anayetufundisha kuruka. Sharti twende sawa. Mwepesi anavaa nguo ya kubana ili asibaki juu. Mzito anavaa pana, upepo umshike, asizame."

"Na wewe unazama."

"Uliona mwenyewe."

Kweli aliona. Jumamosi iliyopita alikuwa amesimama kwenye uwanja mdogo wa ndege wa shamba la mkonge, kule chini karibu na Mombo. Kila mrukaji alikuwa amefungwa kopo la moshi mguuni, na mistari ya moshi ilikwenda pamoja mbele ya milima, isipokuwa mmoja wa pembeni ulioshuka, ukashuka, ukawaacha wenzake juu. Hakuhitaji kuambiwa ule ulikuwa wa nani.

"Hata shambani ulikuwa hivyo hivyo," alisema akichomeka pini. "Wenzako tunalima mstari mmoja, wewe umeshuka peke yako huko chini, bibi anakupigia kelele mpaka sauti inamkauka."

"Basi kesho nitakwenda mstari mmoja. Nikizama tena, Mwalimu anamchukua mtu mwingine. Nikienda sawa, mwezi ujao tunaondoka na maonyesho. Arusha kwanza, halafu Nairobi, halafu kokote watalii walipo. Dada, unajua mimi nimechoka kubeba makabichi."

Alijua. Tangu apunguzwe jeshini, Kassimu alikuwa mtu wa kiguu na njia. Alikaa akainuka, alianza chai akaiacha nusu, alisimama barabarani akitazama mawingu kana kwamba yana habari zake. Leo tu, ndani ya gunia hili la bluu, ndipo alipotulia. Na utulivu huo ndio uliomtia Mwanasha hofu.

Kassimu alipovua nguo na kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, Mwanasha alibaki nayo mapajani. Aliigeuza ndani nje. Mguu wake ukawa unagongagonga kikanyagio cha cherehani bila kushona kitu. Mama yao alipokufa, Kassimu alikuwa bado ananyonya kidole. Mwanasha ndiye aliyembeba mgongoni akipanda milima ya kwao Gare, ndiye aliyemtafunia chakula, na watu wakimdhania ni mwanawe aliwaacha wadhanie. Alikuwa anaogopa afe huko juu? Ndiyo. Alikuwa anaogopa asife, apae vizuri, aende Nairobi asirudi? Hiyo nayo ilikuwamo, na hakuthubutu kupima ipi ni nzito zaidi.

Akavuta kitambaa cha ubavu mmoja, akakikunja. Kidogo tu. Akakunja na cha pili. Azame mara moja tu, alijiambia, wamkatae, basi yaishe. Kuzama si kufa. Jumamosi iliyopita alizama, na jioni alikula ugali.

Akakanyaga cherehani.

Kesho yake, uwanjani, Kassimu alivaa nguo ile akainua mikono.

"Mbona kama inanibana?"

"Upepo utaijaza," alisema Mwanasha. "Wewe ndiye unayeshona au mimi?"

Kassimu akaamini. Aliamini haraka mno, kama anavyomwamini mtu aliyemfundisha kutembea. Mwanasha alimwangalia akifunga mikanda ya mwavuli, akitaniana na wenzake, kisha akiingia kwenye ndege ndogo iliyong'olewa mlango. Ndege ikaanza kujikongoja kuelekea mwisho wa uwanja.

Kwenye kivuli cha ghala alikaa Selemani, mrukaji aliyeteguka kifundo cha mguu. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kukunja miavuli. Mwanasha hakuweza kukaa. Alikwenda, akarudi, akafunga khanga, akaifungua.

"Tulia, dada," alisema Selemani. "Leo nduguyo atakwenda vizuri. Mwalimu ameiona nguo, ameiamini. Amemweka katikati kabisa."

"Katikati?"

"Safari ile alikuwa pembeni, ndiyo maana alipozama hakukuwa na madhara. Akawa peke yake chini. Lakini mzito kuzama katikati ya wenzake..." Akatikisa kichwa. "Haitatokea, nguo anayo."

"Kungetokea nini?"

Selemani alilaza kiganja kimoja hewani, akapitisha kingine chini yake. "Huyu yuko chini. Wakati wa kufungua umefika, anavuta kamba. Mwavuli ukifunguka unamshika ghafla, ni kama amesimama. Na huyu wa juu bado anakuja na mwendo wake, hajafungua." Kiganja cha juu kikaangukia cha chini. "Hapo hakuna aliyebaki hai wa kulaumiwa."

Mwanasha aliacha kutembea. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliliona shamba la kwao Gare, lile lililoning'inia mlimani, aliwaona watu wamepangana na majembe, akamsikia bibi yao: Kassimu, toka chini ya jembe la mwenzako! Jiwe likichomoka halikuulizi jina! Mtoto yeyote wa milimani anajua kwamba mahali pabaya kwenye mteremko ni chini ya watu. Alijua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Na bado, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amempeleka mdogo wake chini ya wote.

Ndege ilikuwa imegeuka. Mlio wake ukapanda.

Mwanasha alikimbia. Kandambili zikamtoka, miba ya mbigili ikamchoma, hakuhisi. Aliingia katikati ya njia ya ndege, akaivua khanga ya begani, akaipunga juu kwa mikono miwili huku akipiga kelele asizozisikia mwenyewe. Ndege ilimjia, ikayumba, ikapunguza mwendo, ikasimama. Rubani alizima injini na kutoa kichwa nje, akatukana.

Mwalimu Abrahamu, mzee mkavu aliyeruka maisha yake yote jeshini, alikuwa wa kwanza kushuka. "Mama, umepatwa na nini? Unataka kufa?"

"Shikamoo Mwalimu. Nguo ya Kassimu nimeiharibu."

"Umeiharibu vipi?"

"Nimeipunguza. Jana, baada ya yeye kuijaribu. Nilitaka azame, mumkatae. Nilitaka abaki nyumbani. Sikujua kwamba chini ya watu ndiko kwenye kifo. Wallahi sikujua."

Kassimu alikuwa amesimama nyuma ya Mwalimu. Warukaji wengine walitazama pembeni, kama watu walioingia chumba kisicho chao. Alimtazama dada yake, akashusha macho hadi mbavuni mwake, akapapasa mshono kwa vidole.

"Ulisema upepo utaijaza," alisema.

Mwanasha akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akatoa wembe aliouhifadhi ndani ya karatasi kwenye pindo la khanga ya kiunoni. "Inua mkono," alisema. "Sikukata. Kitambaa chote kimo."

Kassimu akainua mkono. Selemani alikuwa amewafikia akichechemea, akamlegezea Kassimu mikanda, na Mwanasha akapitisha ncha ya wembe kwenye mshono. Uzi ukakatika mmoja baada ya mwingine. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake ilitulia. Upande mmoja ukafunguka, bluu iliyokunjwa ikatoka nje ikiwa na mikunjo yake, kisha upande wa pili. Akauvuta mshono wa awali kwa nguvu kuona kama umeshika. Ulishika.

Mwalimu Abrahamu aliikagua nguo, akakagua kila mkanda upya, polepole. Kisha akamgeukia Kassimu.

"Unaruka au unabaki? Ukibaki leo, sitakulaumu."

Kassimu alimtazama dada yake. Mwanasha alitaka kusema baki. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza, akaondoka njiani, akasimama kwenye nyasi.

"Naruka," alisema Kassimu. Alipompita dada yake hakusimama. "Tutaongea nikishuka."

Ndege iliondoka, ikazunguka mpaka ikawa juu ya vilele, ikawa kitu kidogo, ikawa mlio tu. Mwanasha alisimama peku. Nyuzi za bluu zilikuwa zimemganda vidoleni na kwenye jasho la mikono, naye hakuzipukuta.

"Wametoka," alisema Selemani.

Moshi ulianza mbele ya ukuta wa milima. Ilikuwa mistari myembamba iliyoelekea upande mmoja, yote kwa pamoja. Mwanasha aliisaka kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, akairudia, akimtafuta aliye chini ya wenzake.

"Yupi ni Kassimu?" aliuliza.

Selemani alikinga macho kwa kiganja, akatazama kwa muda mrefu.

"Hata mimi siwezi kujua," alisema.