Masale Yaliyokuwa Yakishuka

Zuberi hakuwa mwizi, kama mwizi ni yule anayevunja milango. Wizi wake ulikuwa wa polepole, na cha polepole hakina kelele. Kila msimu, ukungu unapoufunga mlima hata mtu asione ncha ya jembe lake, alipanda hadi juu ya shamba lake la karoti, akang'oa masale, ile mimea ya mpaka, na kuyachomeka juu zaidi kidogo. Masale hayana kinyongo. Ukiyaweka popote yanashika mizizi, na huku kwetu Usambara yalipo masale ndipo ulipo mpaka, wala hakuna atakayekuja na kamba kupima.

Juu ya mpaka kulikuwa na kichaka cha wazee, mishai mikubwa isiyotiwa shoka, maana chini yake wamelala waliotangulia. Lakini masale yakishaupita mti, mti umekuwa wa shambani, na mti wa shambani ni kuni. Ndivyo Zuberi alivyojiambia. Haba na haba, kichaka kikabaki kama kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

Masale yale aliyapanda baba yake, mzee Ismaili. Mzee alipokuwa hai, Zuberi hakuthubutu kuyagusa hata kwa kidole. Alipozikwa tu, kijana akapata ujasiri.

Mwaka huu masika yalipokolea, Zuberi alipanda asubuhi kuangalia karoti zake akakuta masale yameshuka. Alikuwa ameyapanda usawa wa jabali lililo kando ya shamba. Sasa yalikuwa chini ya jabali, yamejipanga mstari uleule, mabichi, yana umande. Akatafuta nyayo za mtu asizione. Hakuyagusa, aliteremka mikono mitupu, akiogopa kugeuka nyuma.

Kila mvua iliponyesha yalishuka tena. Zuberi akaita watu wasome Yasini. Ikasomwa vizuri, watu wakala wali wakashiba, na masale yakashuka.

Alipomweleza mama yake, bibi Tatu aliyebaki peke yake kwenye nyumba ya zamani chini kabisa ya shamba, mama alicheka cheko la msichana.

"Ni baba yako huyo," alisema. "Anarudi nyumbani."

Tangu hapo mama akabadilika. Akawa anafagia uwanja asubuhi na jioni. Akatoa sandukuni kanga aliyokuwa akiiweka. Zuberi akija kumwamkia, shikamoo yake inaitikiwa kwa haraka haraka, maana macho ya mama yako mlimani, na mezani pana vikombe viwili vya chai, kimoja hakijaguswa. Zuberi alikiona kile kikombe akakosa usingizi. Alijua baba yake akirudi, hatakuwa amerudi kwa ajili ya chai.

Mtu akishikwa na hofu hutafuta wa kumlaumu. Zuberi alimwendea Yohane, jirani aliyepakana naye, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa.

"Wewe ndiye unayeshusha masale yangu!"

"Mimi na masale yako wapi na wapi?" Yohane alisema. "Twende ukanionyeshe."

Wakapanda katika manyunyu. Yohane akalishika sale moja kwa mikono miwili, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Halikutikisika.

"Hili halikung'olewa na mtu. Mizizi imekwenda chini." Akasogea juu, ukingoni mwa kile kichaka kilichonyolewa, akasimama ghafla. Kati ya masale na mishai iliyobaki ardhi ilikuwa imechanika, ufa wa kuzamisha mguu, umekata mlima upande hadi upande. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia humo yakinong'ona.

"Zuberi," Yohane alisema taratibu, "masale hayatembei. Ni shamba lako linalotembea. Na mama yuko wapi?"

Zuberi alishuka mbio, akianguka na kuinuka, hadi mlangoni kwa mama yake.

"Mama, toka! Mlima unakuja!"

"Ni baba yako, nimekwambia. Mwenye nyumba anarudi, mimi nikimbilie wapi? Akute mlango umefungwa?"

Akamshika mkono, mama akaukung'uta, akakumbatia mwimo wa mlango. Juu kule Yohane alikuwa akipiga kelele kwamba ufa unapanuka. Zuberi akaona limebaki neno moja tu la kumtoa mama yake mle ndani, na neno lenyewe ni la aibu.

"Si baba, mama. Ni mimi. Nimeyasogeza mimi masale, kila msimu, nikakata mishai ya wazee. Udongo umekosa wa kuushika, ndio unaoshuka nayo. Baba hayumo. Hakuna anayekuja."

Akainamisha kichwa akingoja laana, maana laana ya mama aliiogopa kuliko mlima. Haikuja.

"Una hakika?" mama aliuliza.

"Nina hakika, mama."

Bibi Tatu akajifunga kanga upya. Kisha akampa mkono bila ubishi, kama mtoto anayepelekwa asikotaka, wakapanda ng'ambo ya korongo hadi kwa Yohane.

Kabla ya magharibi mlima ulishuka. Ulitoa mngurumo mmoja mzito, na pale palipokuwa na nyumba pakawa na udongo mwekundu tu. Watu walipiga mayowe. Efrazia, mke wa Yohane, alimfunika bibi blanketi.

"Tumshukuru Mungu, bibi. Umepona."

Bibi Tatu hakuwa akiitazama nyumba. Siku ya maziko ya mumewe hakutoa hata chozi, watu wakamsifu kwa subira. Sasa, kwenye kigoda cha jikoni kwa watu, alijifunika uso akalia kwa sauti, akiyumba, kama mjane aliyefiwa leo.

"Kumbe alikufa," alisema. "Zuberi mwanangu, kumbe baba yako alikufa."